Leseni za Programu: Ulizeni Kipimo Kabla ya Bei

Fungua jedwali la mahitaji la zabuni ya TEHAMA na mara nyingi utakuta mstari kama huu: "Windows Server pamoja na leseni zake, seti 1." Mzabuni wa kwanza anaweka bei ya viini 16 vya prosesa, yaani sehemu zake zinazofanya hesabu. Wa pili anaweka viini 24 na leseni za watumiaji 10. Wa tatu anaweka ufunguo wa kuamilisha alioupata mtandaoni kwa bei ya mlo mmoja. Kamati inawapanga kwa bei, wa chini anapewa kazi, na shirika linabaki na seva inayofanya kazi vizuri huku haki ya kuitumia ikiwa nusu, au haipo kabisa. Kwenye makaratasi taratibu zote zimefuatwa. Ila hakuna aliyeuliza hiyo "seti" inahesabu nini.

Ninashikilia kwamba swali la kwanza kwa muuzaji yeyote wa programu ni hilo la kipimo, na bei ije baadaye. Shirika lisilojua kinachohesabiwa haliwezi kujua kama limelipa pungufu au limelipa ziada, na yote mawili hutokea, mara nyingine ndani ya jengo moja.

Programu haiuzwi kama meza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 zote zinaiweka programu ya kompyuta katika kundi la kazi za maandishi. Mwenye kazi anabaki na kazi yake. Anayelipa anapewa ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Masharti hayo yanasema ruhusa imepewa nani, kwa matumizi gani, kwa muda gani, na inahesabiwaje. Kampuni moja inahesabu kompyuta, nyingine watu, nyingine viini vya prosesa, nyingine wafanyakazi wote wa shirika wakiwamo wasiogusa kompyuta kamwe. Ndiyo maana mashirika mawili yenye programu ileile na toleo lilelile yanaweza kudaiwa kiasi kinachotofautiana mara kumi, na kila deni likawa halali.

Tuchukue SACCOS ya mfano yenye wafanyakazi 45. Ishirini wanafanya kazi kwa zamu kaunta na kwenye kituo cha simu, wakitumia kompyuta 8 kwa pamoja. Wale 25 waliobaki ni maafisa mikopo, wahasibu na mameneja. Kila mmoja ana kompyuta yake, na wengi wanafungua mafaili ya ofisi kwenye simu pia. Wameagiza seva moja yenye prosesa mbili, kila moja na viini 12.

Windows Server Standard hulipiwa kwa viini tangu toleo la 2016. Kuna viwango viwili vya chini: kila prosesa huhesabiwa kuwa na viini visivyopungua 8, na kila seva visivyopungua 16. Seva ndogo yenye prosesa moja ya viini 4 italipiwa 16 vilevile. Seva yetu ina 24, kwa hiyo zinatakiwa pakiti 12 za viini viwili viwili, au pakiti moja ya viini 16 na nne za viini viwili. Malipo hayo yanaruhusu mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva hiyo. Fundi akitaka ya tatu, haongezi theluthi: viini vyote 24 vinalipiwa upya, jumla 48, na hapo ruhusa inafika mashine pepe nne. Ukiona mashine pepe zinaelekea kumi na zaidi kwenye seva moja, omba bei ya toleo la Datacenter, ambalo halina kikomo cha mashine pepe, kisha linganisha. Chini ya hapo Standard kwa kawaida ni nafuu.

Leseni ya seva peke yake haimruhusu mtu kuitumia. Kila anayeifikia anahitaji leseni yake, ile inayoandikwa CAL kwenye ankara, nayo ni ya aina mbili: ya mtu au ya kifaa. Wengi hununua ya mtu kwa kila mfanyakazi bila kufikiri, na SACCOS yetu ingelipia 45. Lakini wale 20 wa zamu wanatumia kompyuta 8, kwa hiyo leseni 8 za vifaa zinawatosha wote. Wale 25 wenye kompyuta na simu wanapewa leseni za watu, moja kwa kila mmoja, haijalishi ana vifaa vingapi. Jumla ni 33. Leseni 12 zimeokolewa kwa dakika tano za kuhesabu. Shirika dogo kuliko hili, lisilozidi watu 25 na vifaa 50, lingeweza hata kuchukua toleo la Essentials ambalo halidai CAL kabisa.

Makosa ya CAL yako mahali pasipoonekana. Leseni za 2019 hazimruhusu mtu kufikia seva ya 2022, ingawa za 2022 zinafaa kwa seva ya 2019. Kwa hiyo kupandisha toleo la seva bila kununua CAL mpya kunazifuta kimya kimya zile za zamani. Seva ya Windows ikigawa anwani za mtandao kwa simu za wageni walioingia kwenye Wi-Fi ya ofisi, kila kifaa hicho kinahesabika kuwa kimetumia seva. Dawa ni rahisi: kazi ya kugawa anwani za wageni ifanywe na ruta. Tena kuna tawi la mkoani linalofungua mfumo wa uhasibu wa makao makuu kwa Remote Desktop, njia ya kutumia seva ukiwa mbali. Hapo inahitajika CAL nyingine ya huduma hiyo, juu ya ile ya kawaida. Windows Server inatoa siku 120 za kuanzia, kisha inakataa watu. Mafundi wengi wanajua ni ingizo gani la kufuta kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, ili siku hizo zianze upya, na wanalifuta. Mfumo unarudi hewani, mkurugenzi anafurahi, na shirika limeingia kwenye ukiukaji ambao unaacha alama zake kwenye kumbukumbu za mashine. Seva huruhusu watu wawili kuingia bila CAL hiyo, lakini nafasi hizo mbili zimewekwa kwa ajili ya kusimamia seva. Mhasibu kuzitumia kuandika vocha ni nje ya masharti.

Chini ya mfumo wa SACCOS kuna hifadhidata, na hapa ndipo hesabu hupotoka zaidi. SQL Server Standard, hifadhidata ya Microsoft, huuzwa kwa njia mbili: seva na CAL, au viini, visivyopungua vinne kwa kila prosesa au kila mashine pepe. Watu huchagua CAL kwa sababu wafanyakazi ni wachache. Mfumo wenyewe huingia kwenye hifadhidata kwa akaunti moja tu, hivyo wengine hununua CAL moja. Microsoft haikubali hesabu hiyo. Anayehesabiwa ni mtu aliye mwisho wa mnyororo, hata kama katikati kuna programu kumi. Wafanyakazi 45 wanaotumia mfumo ni wafanyakazi 45. Kisha SACCOS inafungua huduma ya simu, na wanachama 6,000 wanaanza kuangalia salio usiku. Wanachama hao nao wanaifikia hifadhidata. Siku huduma hiyo inapowashwa, njia ya CAL imekufa, na shirika lilipaswa kuwa kwenye leseni ya viini. Sijui kwa nini swali la wanachama wa nje halimo kwenye kila fomu ya mahitaji ya mifumo ya SACCOS na benki ndogo, kwa sababu jibu lake linabadilisha bajeti nzima.

Upande wa pili kuna mtoa huduma anayesema "hifadhidata ni bure." Mwulize ni toleo gani. Express ni bure kweli, na inaruhusiwa kazini, lakini hadi toleo la 2022 kila hifadhidata ina kikomo cha GB 10. Ikifika hapo inakataa kupokea kumbukumbu mpya, na mara nyingi hilo hutokea mwisho wa mwezi, miamala inapokuwa mingi. Developer pia ni bure, ila kwa kutengeneza na kujaribu mifumo tu. Kuiwekea miamala ya wanachama ni ukiukaji. Ile ya majaribio husimama baada ya siku 180. Andikeni kwenye mkataba jina la toleo litakalosimikwa, na siku ya makabidhiano fundi wenu aendeshe amri ya SELECT @@VERSION mbele ya kamati ya mapokezi. Mtoa huduma anayeweza kuendesha mfumo wake juu ya PostgreSQL, hifadhidata ya chanzo huria (yaani msimbo wake uko wazi kwa wote), anastahili alama za ziada kwenye tathmini, kwa kuwa leseni yake haihesabu viini wala watu.

Kipimo kinachoshtua zaidi kuliko vyote kwa sasa ni cha Java ya Oracle, programu ambayo mifumo mingine huihitaji ili ifanye kazi. Tangu Januari 2023 usajili wa Java SE unauzwa kwa idadi ya wafanyakazi wote. Bei iliyotangazwa kwa shirika lenye wafanyakazi 1 hadi 999 ni dola 15 kwa mwezi kwa kila mmoja. SACCOS yetu, yenye kompyuta moja tu inayoendesha Java ya kulipiwa, ingedaiwa 45 mara 15 mara 12, yaani dola 8,100 kwa mwaka. Anayehesabiwa ni mwajiriwa wa kudumu, wa muda na kibarua, pamoja na watu wa wakandarasi na mawakala wanaosaidia shughuli za ndani za shirika, na kwenye kundi hilo la mwisho ndiko mabishano huanzia.

Lakini si kila Java inalipiwa, na watu huogopa bure. Kwa Java 8, masasisho yaliyotoka kuanzia Aprili 2019, yaani namba 211 na kuendelea, yanahitaji malipo kwa matumizi ya kibiashara. Masasisho ya Java 17 yaliyotoka baada ya Septemba 2024 yanahitaji malipo pia. Kwa Java 21 mpaka ni Septemba 2026. Kila kompyuta iendeshewe amri ya java -version. Ikijibu "Java(TM) SE Runtime Environment" ni ya Oracle, itazameni namba yake. Ikijibu "OpenJDK Runtime Environment" ni ya chanzo huria. Mbadala kama Eclipse Temurin na Amazon Corretto ni bure na hufanya kazi ileile kwa mifumo mingi. Ijaribuni kwanza kwenye kompyuta moja, kwa sababu mifumo ya zamani inayofunguka kwa Java Web Start, au iliyojengwa kwa JavaFX, inaweza kugoma kwenye Temurin 8. Baada ya kubadilisha, ondoeni Java ya Oracle na zimeni usasishaji wake wa kiotomatiki. Vinginevyo toleo la kulipiwa litajirudisha lenyewe.

Jamii hiyo ya "bure yenye mpaka" ni kubwa. VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, yenyewe ni chanzo huria, ila nyongeza yake ya Extension Pack, ambayo mafundi huisimika kwa mazoea, ni bure kwa matumizi binafsi, masomo na majaribio tu. Docker Desktop, chombo cha watengenezaji wa programu, hulipiwa na kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato yanayozidi dola milioni 10 kwa mwaka. Moja kati ya hayo mawili inatosha. Microsoft 365 Family, inayogawanywa kwa watu sita na kupendwa na ofisi ndogo kwa sababu hiyo, ni ya matumizi binafsi ya nyumbani. Office Home & Student nayo haikuruhusiwa kazini.

Kuamilishwa si kupewa leseni

Kompyuta ikisema Windows imeamilishwa, maana yake ni kwamba programu imekubali ufunguo. Haisemi nani alilipa. Hilo ndilo kosa ninaloliona kuwa la hatari kuliko yote, kwa sababu linampa mkurugenzi utulivu asiostahili kuwa nao.

Angalia KMS. Huu ni utaratibu halali ambao kampuni yenye leseni za mkupuo, zile zinazonunuliwa kwa wingi chini ya mkataba mmoja, husimika seva yake ya kuamilisha kompyuta za ndani, na kila kompyuta hupata siku 180 zinazojisasisha. Seva hiyo haianzi kuamilisha Windows za kompyuta za kawaida mpaka zifike 25. Kwa Office na Windows Server kikomo ni 5. Sasa endesha amri ya slmgr /dlv kwenye kompyuta ya ofisi. Ikiandika VOLUME_KMSCLIENT na siku zinazohesabika kushuka kutoka 180, wakati ofisi nzima ina kompyuta 12 na hakuna mwenye mkataba wa leseni za mkupuo, huhitaji mkaguzi kukwambia kilichofanyika: fundi alitumia kiamilishi cha wizi. Ili kifanye kazi, kiamilishi hicho kwa kawaida hudai kinga ya virusi izimwe kwanza. Aliyekiandika hafahamiki na anaendesha msimbo wake akiwa na mamlaka ya juu ya mashine, kwenye kompyuta inayofungua akaunti za benki za shirika. Upande wa usalama unanitisha kuliko upande wa hakimiliki.

Funguo za bei ya kutupa ni ndugu wa hilo. Nyingi ni funguo za mkupuo za shirika la nchi nyingine zilizovuja, au za vyuo. Zinaamilisha leo, zinafungiwa baada ya miezi kadhaa, na hata kabla ya kufungiwa hazikuwahi kuhamishia haki kwa mnunuzi.

Kwa kompyuta mpya na zilizotumika kuna kanuni inayosahaulika: leseni ya Windows ya mkupuo kwa mashirika ni ya kupandisha toleo tu. Kompyuta lazima iwe na leseni halali ya msingi tayari, na kwa shirika la kibiashara Windows Home haihesabiki kuwa msingi. Kwa hiyo anayenunua laptopu 20 zenye Home dukani kwa sababu ni nafuu, kisha akanunua leseni 20 za mkupuo, amelipa mara mbili na bado hana haki. Home pia haijiungi na domain, yaani mtandao wa ofisi unaosimamiwa kutoka seva moja. Agizeni kompyuta zenye Pro kutoka kiwandani. Kompyuta za mtumba kutoka Ulaya zinaweza kuwa na leseni halali, kwa kuwa ile ya kiwandani husafiri na mashine yake. Tangu Windows 8 ufunguo huo umefichwa ndani ya bodi mama. Bodi ikibadilishwa na fundi wa mtaani kwa nyingine ya modeli tofauti, leseni hiyo imekwisha. Kabla ya kupokea mzigo, chukueni mashine tano bila kuchagua na muendeshe kwenye PowerShell amri ya (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Mstari mtupu unadai maelezo kutoka kwa muuzaji.

Usajili, jina na kodi

Usajili wa mwaka umepunguza wizi lakini umeleta matatizo yake. Kwenye Microsoft 365 una siku 7 za kughairi au kupunguza idadi. Zikipita, umefungwa hadi mwisho wa kipindi. Mkataba wa mwezi kwa mwezi unagharimu asilimia 20 zaidi ya ule wa mwaka. Na tangu Aprili 2025, mkataba wa mwaka unaolipwa kila mwezi umeongezwa asilimia 5. Mradi wa wafadhili wa miezi tisa wenye watu 40 unastahili hesabu: kiini cha wafanyakazi 15 wanaobaki wapewe mwaka mzima, wale 25 wa mradi wapewe mwezi kwa mwezi. Malipo yakichelewa, akaunti kwa kawaida hupitia siku 30 za kuisha muda, kisha siku 90 za kufungwa ambazo ni msimamizi tu anayeweza kutoa data, kisha data inafutwa. Taasisi ambazo malipo yao ya nje hupitia saini tano zianze mchakato siku 60 kabla.

Asasi zisizo za kiserikali zina lao la kuangalia. Zile leseni 10 za bure za Microsoft 365 Business Premium zilizotolewa kwa miaka mingi zinaondolewa kila asasi inapofika tarehe ya kuhuisha, kuanzia Julai 2025. Zilizobaki bure ni Business Basic hadi 300, ambazo Word na Excel zake ni za kwenye kivinjari na simu tu. Google Workspace ya asasi bado ina daraja la bure. Bajeti iliyonakiliwa kutoka mwaka juzi itakuwa na pengo hapo.

Jina lililoandikwa kwenye leseni lina uzito kuliko ufunguo wenyewe. Mara nyingi akaunti kuu ya usajili imefunguliwa kwa barua pepe binafsi ya afisa TEHAMA aliyekwisha kuondoka, au iko chini ya akaunti ya muuzaji. Siku mnapogombana na muuzaji, barua pepe zenu zote ziko mikononi mwake. Leseni iandikwe kwa jina la kisheria la shirika kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, lisiwe la mradi wala la idara, na akaunti mbili za usimamizi mkuu zikae kwa watu wawili ndani ya shirika.

Kisha kodi, ambayo huwa haimo kwenye bajeti ya TEHAMA hata kidogo. Malipo ya leseni kwenda kampuni ya nje yanaweza kuhesabiwa na mamlaka ya kodi kuwa mrabaha, na mrabaha una kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata na kuipeleka serikalini: asilimia 15 Tanzania, asilimia 20 Kenya kwa asiye mkazi, isipokuwa mkataba wa kodi kati ya nchi mbili umepunguza. Mikataba mingi ya wauzaji wa nje inasema bei yao ni halisi baada ya kodi zote. Kwa hiyo ankara ya dola 10,000 hailipiwi kwa kukata 1,500. Inagawanywa kwa 0.85, inakuwa 11,764.71, na zile 1,764.71 zinatoka mfukoni mwenu kwenda TRA. Kwa Kenya ni 12,500. Ongeza VAT ya huduma zinazotoka nje, ambayo kwa kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Hospitali au shule isiyoweza kuidai inaibeba yote. Kununua kupitia wakala wa ndani hubadilisha hesabu hii, na hiyo ni sababu halali ya kumlipa wakala bei ya juu kidogo. Kumbukeni pia kwamba kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za Machi 2025 zinamtaka muuzaji wa ndani Tanzania atoe bei kwa shilingi. Mwulizeni bei hiyo inadumu siku ngapi.

Chanzo huria nacho kina masharti

Wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda zinaendesha takwimu zao kwenye DHIS2, mfumo wa chanzo huria uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo. Vyuo vingi vinatumia Moodle kwa masomo na Koha kwa maktaba. Kwa mifumo hii hakuna wa kuhesabu watu wenu, na huo ni uhuru wa kweli kwa taasisi inayokua. Hofu kwamba GPL, leseni maarufu ya chanzo huria, itawalazimisha kuanika msimbo mlioubadilisha haina msingi mnapoutumia ndani tu. Wajibu unaanza mnapousambaza kwa wengine. AGPL, ndugu yake, ni kali zaidi: mkibadilisha programu na watu wa nje wakaitumia kupitia mtandao, wana haki ya kupewa msimbo mliobadilisha. Mkipewa mfumo na kampuni ya ndani, takeni orodha ya maktaba zote zilizotumika na leseni zake.

Leseni pia hubadilika njiani. Miongoni mwa programu na kampuni za chanzo huria, MongoDB ilibadilisha yake 2018, Elastic 2021, HashiCorp Agosti 2023 na Redis Machi 2024, ambayo mwaka mmoja baadaye iliongeza AGPL. Matoleo ya kabla ya mabadiliko yanabaki na ruhusa yake ya zamani. Shirika linapaswa kujua liko kwenye toleo gani kabla fundi hajabonyeza kusasisha.

Kwa mfumo uliotengenezwa kwa oda yenu, msiache suala la umiliki likategemea kifungu cha sheria. Mkataba useme wazi nani ana hakimiliki, nani anapokea msimbo chanzo na lini. Malipo ya mwisho yashikiliwe hadi fundi asiyehusika na kampuni hiyo aweze kuujenga mfumo kutoka kwenye msimbo uliokabidhiwa, kwenye seva tupu.

Daftari la leseni linaweza kuwa karatasi ya Excel, haidhuru. Kila mstari uwe na jina la programu na toleo, kipimo, idadi iliyonunuliwa, idadi inayotumika leo, namba ya ankara na mahali ilipo, jina la mmiliki, tarehe ya kuisha, na tarehe ya kuisha kwa msaada wa mtengenezaji. Hiyo ya mwisho ni tofauti na muda wa leseni. Office 2016 na 2019 ni za kudumu, lakini masasisho yake ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, siku moja na Windows 10. Anayetaka kuendelea na Windows 10 kazini hulipa dola 61 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, na kila mwaka bei huwa mara mbili ya ule uliotangulia: 122, kisha 244. Kompyuta 30 kwa miaka mitatu ni dola 12,810, fedha ambayo ingeanza kununua kompyuta mpya. Mhasibu ashike safu ya idadi iliyonunuliwa na afisa TEHAMA ashike ya inayotumika, wazilinganishe kila robo mwaka. Mtu mmoja akishika zote mbili, tofauti haitaonekana.

Barua ya mtengenezaji ikifika, isomeni mara mbili kabla ya kujibu. Baadhi ni mialiko ya hiari ya "kusaidiwa kusimamia leseni". Nyingine ni ukaguzi unaotokana na kifungu cha mkataba mliosaini, na kifungu hicho kina muda wa taarifa, mara nyingi siku 30 kwa Microsoft na 45 kwa Oracle. Msiendeshe programu ya ukaguzi waliyoituma kabla ya kuijaribu kwenye mashine moja na kuona inakusanya nini. Msifute programu baada ya barua kufika, kwani kumbukumbu za mashine zinaonyesha tarehe. Mteueni mtu mmoja wa kuwasiliana nao, kwa maandishi. Takwimu mtakazowapa zitoke kwenye daftari lenu na ziwe za tarehe moja, na mtake wakaguzi waonyeshe kipimo walichotumia kwa kila mstari wa upungufu, pamoja na kifungu cha mkataba kinachowaruhusu kukitumia. Mistari kadhaa huanguka hapo, hasa ya mashine pepe zilizozimwa, kompyuta zilizofutwa kwenye matumizi lakini zikabaki kwenye domain, na mfanyakazi mmoja aliyehesabiwa mara mbili kwa kuwa na akaunti mbili. Mstari unaobaki ni deni, na majadiliano yanayofaa kuuhusu ni ya bei na muda wa kulipa, kabla ripoti ya mwisho haijasainiwa.